Maji ya bomba moja, meno tofauti

Mhariri habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza. Nimezaliwa Meru, Arusha, na nina yale meno ya kahawia ambayo ukifika Dar ukicheka tu watu washajua umetokea wapi. Shuleni nilikuwa nayasugua na jivu mpaka fizi zinatoka damu, rangi haitoki ng'o, maana ule sio uchafu, ni floridi, madini ya kwenye maji, iliyoharibu enameli (ile ganda gumu la nje ya jino) wakati jino bado linajitengeneza ndani ya fizi.

Sasa kinachonishangaza ni mdogo wangu wa kike. Tumechota bomba moja, tumekula makande ya sufuria moja yaliyotiwa magadi yaleyale (na magadi nayo yana floridi), lakini yeye ana vidoa vyeupe tu, huvioni mpaka akae juani. Daktari wa meno mmoja akaniambia hiyo inaweza kuwa jeni, yaani vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, nikadhani ananitania, nikaenda kutafuta mtandaoni kumbe kweli bwana. Mwaka 2002 watafiti Marekani walitoa matokeo ya panya walionyweshwa maji yenye floridi, ukoo mmoja unaitwa A/J meno yaliharibika vibaya, mwingine 129P3/J karibu hayakuguswa. 2008 China nao wakapima watoto wa sehemu zenye floridi nyingi, wakakuta aina fulani ya jeni ya COL1A2, hii ya kutengeneza kolajeni (protini ya kwenye mifupa na meno), imejitokeza zaidi kwa wenye madoa.

Sawa, panya na Wachina washapimwa, ila meno yenyewe si tunayo sisi huku Bonde la Ufa? Waje wachukue mate yetu wapime jeni basi, kutema kwenye kichupa hakuumi.

Ila naogopa kitu kimoja, kesho mkubwa fulani asimame atuambie "tatizo ni jeni zenu". Hapana. Jeni bila floridi haileti haya madoa. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, sisi miaka mingi tu kiwango chetu kilikuwa 4, na hapohapo Ngurdoto kuna kituo kimeshughulika sana na kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kwa hiyo msituambie haiwezekani.

Mdogo wangu ana mtoto wa miaka miwili sasa. Meno ya ukubwani bado yanajitengeneza, na anakunywa maji ya bomba lilelile.

Msomaji wenu, Meru