Barua kwa Mwanaidi kuhusu ile krimu

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Tangu uliponiambia kwamba uso unawaka moto kila unapotoka jikoni, na kwamba umenunua krimu ya chunusi, sijatulia. Kama hujaianza, usiianze. Mimi niliipaka ya namna hiyo miezi saba.

Wiki za mwanzo uso ulilainika, nikadhani nimepona. Kila nilipoacha, vipele vilirudi mashavuni na puani kwa ghadhabu, hata maji matupu yakawa yananichoma. Nikirudi duka la dawa, nauziwa tyubu nyingine. Kumbe ndani mna steroidi: inatuliza kwa muda, huku inakondesha ngozi na kuchochea kilekile unachokikimbia.

Jina la ugonjwa nililisikia Moshi, kwenye kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC: rosasia. Daktari alisema kwa weupe mashavu huwa mekundu, kila mtu anaona. Kwetu weusi wekundu hujificha, pengine pakaonekana peusi zaidi au kama zambarau, ndiyo maana tunaambiwa ni chunusi. Ila chunusi huwa na vile vichwa vyeusi, rosasia haina. Akaniuliza pia kama macho yanakwaruza kama yameingia mchanga. Nikakukumbuka wewe na macho yako, unayosema ni vumbi la barabarani. Mweleze daktari, shoga, maana rosasia huingia hata machoni.

Nilipewa krimu ya metronidazoli na vidonge vya doksisaiklini. Usitegemee wiki moja. Kwangu ilifika miezi miwili ndipo nikajitazama kwenye kioo bila kulia. Ugonjwa wenyewe hauishi moja kwa moja, unatulizwa, na kila mtu ana vinavyomwamsha. Nilikuwa naandika kwenye daftari nilichokula na nilikokwenda, nikavijua vyangu: jua la saa sita, mvuke wa sufuria, pilipili, na chai ya moto. Chai sijaiacha, naiacha ipoe tu. Nikitoka, napaka losheni ya kukinga jua yenye zinki, kinga (SPF) namba 30, na mtandio naushusha. Sabuni ya mche, dodoki na ndimu, usoni nimeviaga.

Najua harusi ya mdogo wako imekaribia, na akina shangazi watataka kukusugua singo. Mwilini wakusugue watakavyo. Usoni wakatalie, hata wakinuna.

Sasa chukua hiyo tyubu, usome maandishi madogo. Ukiona betamethasoni au klobetasoli, ndiyo hiyo steroidi yenyewe. Na kama umeshaipaka siku nyingi, nenda nayo hospitali akuelekeze daktari namna ya kuiacha, kwani ukiikatisha ghafla uso unaweza kuchafuka vibaya. Nipigie leo usiku unisomee hilo jina. Siku ya kwenda kliniki nitakuja Korogwe, twende wote.

Wako,
Zuhura