Mnaovalisha Impreza rimu za inchi 18, pimeni kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba gari la spoti la miaka ya tisini halina heshima barabarani mpaka livalishwe rimu za inchi 18. Mimi ni fundi wa magurudumu hapa Walukuba, Jinja. Kiswahili changu ni cha karakana ya jeshi, kwa hiyo mnivumilie nikisikika kama natoa amri.

Gari analolisifu ni Subaru Impreza WRX ya umbo la kwanza. Zile za mwishomwisho zilitoka kiwandani na tairi 205/50R16. Maana yake upana ni milimita 205, ubavu ni asilimia 50 ya upana huo, yaani milimita 102 na nusu, na rimu ni ya inchi 16. Jumlisha ubavu wa juu, wa chini na rimu yenyewe, gurudumu zima lina kimo cha milimita 611. Spidomita, gia na nafasi ndani ya madigadi vyote vilipangwa kwa kimo hicho. Sasa vijana wanafunga 225/40R18. Kimo kinafika 637. Mwendo uleule ambao spidomita ilikuwa ikiuonyesha kuwa 100, sasa inauonyesha kuwa 96, na pale Entebbe Expressway kikomo ni 100, kwa hiyo wenyewe mtajua mtajibu nini mkisimamishwa. Gia nazo zimekuwa nzito, turbo inachelewa kuamka, na wakikaa watu watatu nyuma tairi inaanza kukwaruza madigadi.

Najua atajibu kwamba kuna 215/35R18. Ni kweli, kimo chake ni 608, kimerudi mahali pake. Lakini ubavu umebaki milimita 75! Hebu atoke Kampala nayo usiku, apite Mukono na Lugazi, aingie msitu wa Mabira mvua ikiwa imetoka kunyesha, mbele yake lori la miwa lisilo na taa za nyuma. Shimo lililojaa maji halionekani. Tairi inabonyea mpaka mwisho, ukingo wa rimu unagonga lami, na kesho yake rimu iko kwangu imepinda au ina ufa. Wengine wananiomba niinyooshe kwa moto. Siipendi kazi hiyo, maana alumini ikishapashwa moto haina tena nguvu iliyotoka nayo kiwandani.

Simwambii mtu abaki na inchi 16. 205/45R17 ina kimo cha 616, tofauti haifiki asilimia 1, na ubavu ni milimita 92. Kwa barabara zetu, hapo ndipo ningeishia. Na aliyefunga breki kubwa za Brembo za STI, ile Impreza yenye nguvu zaidi, hana hiari, kwa sababu rimu ya 16 haipiti juu ya kaliperi zile, yaani vibano vya breki. Huyo ana sababu, simbishii.

Kinachoniudhi zaidi ni rimu zenyewe zinavyouzwa. Ukiuliza, muuzaji wa mtumba anakwambia "sevuntini, matundu matano," yaani inchi 17, basi, lete pesa. Matundu matano ya nini? Impreza hiyo ina nati tano kwenye duara la milimita 100. Rimu nyingi za matundu matano zilizopo mjini ni za duara la 114.3, na hapo ndipo watu wanaanza kutafuta adapta za kugeuza duara. Hata ukipata rimu ya Toyota yenye duara la 100, tundu la katikati ni milimita 54.1 na kitovu cha Subaru, pale rimu inapokaa, ni 56.1, haiingii mpaka ichongwe. Ukifanya kinyume, rimu ya Subaru kwenye Toyota Celica, inaingia lakini inacheza, na bila pete ya kujazia utasikia usukani ukitetemeka ukishafika 80.

Halafu kuna ET, namba inayoandikwa nyuma ya rimu na ambayo hakuna anayeisoma. Inaeleza uso unaokaa kwenye kitovu uko milimita ngapi kutoka katikati ya upana wa rimu. Rimu ya kiwanda ya Impreza hiyo ni inchi 7 yenye ET 53. Ukiweka ya inchi 8 yenye ET 35, ukingo wa nje unatoka karibu milimita 31 zaidi. Macho yanafurahi. Beringi haifurahi, na usukani unakuvuta mkono kila tairi ikigusa shimo.

Jambo jingine, gari hilo linavuta kwa magurudumu yote manne. Kwenye zile za gia za mkono, ukiweka tairi mbili mpya mbele na kuacha mbili zilizolika nyuma, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inasaga hata barabara ikiwa imenyooka, mpaka inaungua. Nunueni nne zinazofanana. Mkinunua za mtumba, someni namba nne za mwisho za DOT, alama iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016.

Tangu sheria ya 2018 kukataza kuingiza nchini gari lililopita miaka 15, Impreza hizi za zamani haziletwi tena. Zilizopo ndizo hizo, na difu yake siku hizi tunaitoa kwenye gari la mwenzake lililokufa.

Ombi langu kwa wauzaji wa rimu ni dogo. Chukueni chaki, andikeni juu ya kila rimu duara la nati, tundu la katikati na ET. Na msomaji wetu, kabla hajalipa, aje Walukuba na gari lake na rimu moja tu. Kupima sitozi.

Fundi wa magurudumu,
Walukuba, Jinja