Dada wa mtandio wa njano, asante

Dada yangu uliyejitanda mtandio wa njano pale uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, ndege yetu ya London ya Jumapili ilipochelewa: Mungu akuzidishie. Wenzetu wa kaunta walikuwa na neno moja tu, "subirini". Wewe ndiye uliyetufungua macho: kwa sheria ya Ulaya namba 261 ya 2004, safari fupi ya ndege ikichelewa kwa saa 2 abiria wanastahili chakula, na wakifika wamechelewa saa 3 au zaidi, fidia ya euro 250, isipokuwa chanzo kikiwa kitu kama dhoruba. Ukamkazania mhudumu, kwa adabu lakini bila kubanduka, aandike sababu: hitilafu ya ndege. Karatasi ile ndiyo iliyonipigania. Pesa imeingia juzi. Mama anakusalimu, ingawa ule mkate wa jibini tuliopewa tukisubiri bado anausema.