Kunakili si kukumbuka

Mhariri,

Watahiniwa wa UCE, mtihani wa kidato cha nne hapa Uganda, hunakili daftari zima neno kwa neno. Mkono unakwenda, akili imelala. Kutamka husaidia kuliko kusoma kimya, ila teua maneno matano au sita. Ukisoma ukurasa mzima kwa sauti, hakuna linalojitokeza.

Kisha funga daftari, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo penye kazi, na wengi huparuka. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke, huko Marekani, walionyesha kwamba baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele; baada ya wiki, waliojipima waliwapita. Mtihani hauji baada ya dakika tano! Jipime tena kesho, halafu baada ya siku tatu.

Mwalimu,
Arua