Klabu zidai fungu lao wachezaji wanapouzwa

Ndugu Mhariri,

Mijadala ya mapato ya klabu zetu huishia kwenye viingilio na wadhamini. Kweli, zamani Simba na Yanga ziliishi kwa mapato ya mlangoni, ada za wanachama na mifuko ya wafadhili. Mwaka 2021 ukaja mkataba wa matangazo ya televisheni ya Ligi Kuu kati ya TFF (shirikisho la soka nchini) na Azam Media, miaka 10 kwa Sh bilioni 225.6, na hata timu za mikoani zikapata fedha isiyopungua mvua ikinyesha. Zawadi za CAF, shirikisho la soka Afrika, nazo zimenona. Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho 2023, Simba 2025. Lakini zawadi si mshahara. Anayesaini mikataba ya miaka mitatu kwa fedha za robo fainali atakopa akitolewa raundi ya awali.

Chanzo kinachosahaulika ni fungu la mshikamano la FIFA. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea akiwa na umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada. Kuanzia 16, asilimia 0.5. Akiuzwa dola milioni 10, klabu aliyoichezea mwaka mzima akiwa na miaka 18 hupata dola 50,000, na akiuzwa tena hulipwa tena. Mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, miaka yake ya African Lyon na Simba ilikuwa ndani ya hesabu hiyo. Mchezaji akiondoka bure, hakuna cha kugawana.

Fedha hupotea kwenye makaratasi. Kijana hucheza misimu miwili bila kusajiliwa TFF, au cheti cha kuzaliwa kina jina moja na leseni jingine. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia kituo maalumu cha FIFA, kinachounganisha kumbukumbu za usajili za mashirikisho yote: msimu usiosajiliwa hauonekani. Kisha klabu yenyewe hukaguliwa, wamiliki na akaunti ya benki, kabla ya kulipwa. Timu ya daraja la chini inayoweka fedha kwenye akaunti ya katibu ijiandae kukwama hapo.

Basi kila usajili uwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na nakala ibaki klabuni hata uongozi ukibadilika. Mchezaji akipelekwa timu nyingine kwa mkopo, nao uandikwe, maana miezi hiyo huhesabiwa kwa timu iliyomchukua kijana.

Mdau wa soka,
Temeke, Dar es Salaam