Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Uingereza: Bangi ya Dawa Iliruhusiwa, Mwanangu Haipati

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa heshima zote, na safari hii kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiingereza changu chote nimeshakimaliza kwenye barua zilizotangulia.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, saa kumi alfajiri, mwanangu wa miaka 9 alianguka kifafa kwa mara ya kwanza baada ya siku 74. Nilimlaza ubavu, nikakodolea macho saa ya simu, na dakika tano zilipotimia nikampenyezea midazolamu, dawa ya kukatisha kifafa, kati ya ufizi na shavu kama tulivyofundishwa. Mafuta yake ya bangi yalikuwa yamekwisha tangu Ijumaa, maana duka la dawa lilituambia mzigo umechelewa. Nilikuwa nimeifudikiza chupa juu ya kijiko, nikakinga matone ya mwisho na kuyavuta kwa bomba la sindano, yakafika nusu ya dozi. Sina shahada ya udaktari, lakini siku hizo 74 nilizihesabu mwenyewe.

Mafuta hayo si ya magendo, Mheshimiwa. Juni 2018, dawa ya kijana mmoja mwenye kifafa ilipochukuliwa katika uwanja wa ndege wa Heathrow na nchi nzima ikapiga kelele, Serikali iliahidi kuitazama upya sheria, na kuanzia tarehe 1 Novemba mwaka huohuo daktari bingwa aliruhusiwa kuandika dawa zitokanazo na bangi. Siku ile nililia kwa furaha. Mama yangu, aliyeko Tanga, alinipigia simu akauliza, "Mwanangu, umefikia kumpa mjukuu wangu bangi?" Nikamjibu kwamba Serikali ya Uingereza yenyewe imeikubali kuwa dawa. Hilo jibu naliona aibu sasa.

Kwa maana kuruhusiwa ni jambo moja na kupewa ni jingine. Mwongozo wa Novemba 2019 wa NICE, taasisi inayowaelekeza madaktari kuhusu matibabu, haukuwakataza madaktari kuandika mafuta ya aina hii kwa kifafa sugu, ila haukuyapendekeza pia. Ulisema utafiti zaidi unahitajika. Daktari wetu wa hospitali, mtu mwema kabisa, aliniambia huku akitazama meza kwamba yeye hawezi kuwa wa kwanza kuyaandika. Nahisi anaogopa kulaumiwa, na nahisi pia kuna mtu mahali fulani anayepiga hesabu ya gharama, ingawa hakuna aliyewahi kunitamkia hivyo. Epidyolex, dawa ya kifafa itokanayo na bangi ambayo NHS, huduma ya afya ya umma, inaitoa, alijaribishwa na haikumfaa. Kwa hiyo, katika England hii ambamo dawa za mtoto hazilipiwi hata peni, sisi tunalipa zaidi ya pauni 600 kwa mwezi kwa kliniki binafsi. Mume wangu anaendesha basi, mimi natunza wazee, na gari tuliliuza mwaka juzi.

Nisamehe nikisema jambo lisilo la adabu sana. Huko Wissington, Norfolk, ndani ya jengo la vioo lililokuwa la nyanya, bangi imelimwa kwa ajili ya dawa kwa kibali halali kabisa. Nyuma ya nyumba yetu nako inauzwa bila kibali, na jioni harufu yake inaingia hadi chumbani kwa mtoto. Bangi imejaa kila upande, Mheshimiwa, isipokuwa ndani ya chupa yetu. Na nikithubutu kununua huko nyuma, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1971 inaniwekea kifungo cha hadi miaka mitano, na sitajua nimemnywesha mwanangu kitu gani.

Nilikusudia kukuomba mwongozo upitiwe upya, madaktari wapewe kinga, majaribio ya kitabibu yaharakishwe, na mzigo kutoka nje usikwame kila mara. Yote hayo nayaomba bado. Lakini kama ni mazito, basi naomba hili moja: hospitali inayomtibu mwanangu iruhusiwe, kwa maandishi yako, kumwandikia na kumlipia mafuta haya. Chupa moja kwa mwezi. Iliyowasili jana imeshafunguliwa, na itakwisha kabla mwezi haujaandama tena.

Wako mtiifu,
Mama wa mtoto mwenye kifafa, Reading