Mkono wa Wajerumani haukutoka India

Mhariri,

Ile makala yenu ya Jumapili kuhusu asili ya "Hand", mkono kwa Kijerumani, imenishikisha kalamu baada ya miaka mingi ya kusoma na kunyamaza. Mwandishi wenu anadai neno hilo limetokana na "hasta" la Kisanskriti, lugha ya kale ya India, eti kwa kuwa yote mawili yanaanza na h na yote ni mkono. Basi, kesi imekwisha!

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alichomoa kipande cha gazeti lenu kwenye daftari, kimekunjwa mara nne, "hasta" limepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Nikamwambia si kweli. "Lakini mwalimu, gazetini wameandika," akanijibu, na darasa zima likaangua kicheko. Ikabidi nifute ubao nianze upya. Tangu mwaka 1822, mwanaisimu Mjerumani Jacob Grimm alipoonyesha jinsi sauti zilivyohama, mambo haya si ya kubahatisha. H ya Kijerumani hukutana na k ya Kilatini, ambayo wao huiandika c, ndiyo maana "Herz", moyo, ni ndugu wa "cor", na "Horn", pembe, ni ndugu wa "cornu". H ya Kisanskriti ina ukoo mwingine. Mwenzake Ujerumani mara nyingi ni g. Bata bukini kwa Kisanskriti ni "hamsa", kwa Kijerumani ni "Gans". Kama "hasta" lingekuwa na ndugu Ujerumani, ndugu huyo angeanza na g, mhariri, si h! Wataalamu wamelijenga upya neno la kale kama *handuz, Wagothi, watu wa kale wa ukoo huohuo wa lugha, waliandika "handus", na nje ya lugha za Kijerumaniki, yaani Kijerumani na jamaa zake kama Kiingereza, halijapatiwa ndugu wa uhakika. Wapo wanaolihusisha na kitenzi cha Kigothi chenye maana ya kuteka, kwamba mkono ndio ukamatao. Hiyo ni dhana, na wenyewe husema ni dhana.

Tena ni ukurasa huohuo uliowahi kutuambia kuwa "shule" ni Kiingereza, ilhali ni "Schule" la Kijerumani. Sisi wa Tanga, ambao Mjerumani alitufungulia shule ya serikali kabla Mwingereza hajaitawala nchi hii, tucheke au tulie?

Wanaisimu huweka kinyota mbele ya neno ambalo halijaonekana katika maandishi yoyote. Nashauri nanyi mweke kinyota mbele ya jina la mwandishi huyo hadi aje akariri kanuni ya Grimm mbele ya darasa langu, Jumanne saa kumi na moja jioni. Chaki ninayo.

Mwalimu wa Kijerumani,
Tanga